Mfumo Unamkumbukaje Mwananchi? Safari ya Taarifa Kati ya Seva na Ukurasa wa Huduma

Huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mkazi wa Kata ya Misima kufunga safari hadi kwenye dirisha la ofisi, sasa huombwa kwa njia ya mtandao. Leseni ya biashara huombwa kupitia Mfumo wa TAUSI ulio chini ya Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Maombi ya kazi serikalini hupokelewa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mwanafunzi anayehitaji mkopo wa elimu ya juu huwasilisha maombi kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, naye mzabuni anayetaka kuuza bidhaa kwa Serikali hutumia mfumo wa NeST ulioanza mwaka 2023. Malipo ya huduma hizo hufanywa kwa kontroo namba, kupitia mfumo wa Serikali wa kukusanya mapato ulioanza kutumika mwaka 2017.

Pamoja na manufaa hayo, yapo maswali ambayo humjia kila anayetumia mifumo ya namna hii, iwe kwa simu janja yake mwenyewe au kwa kompyuta ya steshenari. Kwa nini mfumo humtoa mtu nje kabla hajamaliza kujaza fomu, na yote aliyoandika yakapotea? Inawezekanaje taarifa alizojaza mtu mmoja zikaonekana kwenye akaunti ya mwingine? Je, mteja anayefuata kwenye kompyuta hiyo hiyo anaweza kuziona taarifa za aliyemtangulia?

Maswali hayo matatu yana mzizi mmoja. Yote yanahusu namna programu iliyo kwenye seva, yaani kompyuta kubwa inayohifadhi mfumo, inavyopeleka taarifa za mtu mmoja mmoja kwenye kurasa anazofungua, bila kuzichanganya na za wengine. Anayeuelewa mzizi huo huweza kujilinda yeye mwenyewe, familia yake na kikundi chake.

Seva hutumikia wengi, lakini haitambui sura

Mtandao wa kurasa, ambao ndio msingi wa mifumo hii, ulipendekezwa mwaka 1989 na Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na jiji la Geneva, Uswisi. Lengo la awali lilikuwa kuwawezesha watafiti kusomeana maandiko. Utaratibu aliouweka ulikuwa mwepesi: kivinjari kilicho kwenye kompyuta ya msomaji hutuma ombi, seva hujibu kwa kuleta ukurasa, na shauri limekwisha. Ombi linalofuata, hata likitoka kwa msomaji yule yule sekunde moja baadaye, huhesabiwa kuwa ombi jipya lisilo na uhusiano na lililotangulia.

Wepesi huo ndio uliouwezesha mtandao kuenea duniani, kwa sababu seva moja iliweza kuhudumia maelfu ya watu bila kubeba mzigo wa kumkumbuka kila mmoja. Kwa msomaji wa maandiko hapakuwa na tatizo, kwa kuwa andiko ni lile lile kwa kila mtu. Tatizo lilijitokeza pale watu walipotaka kununua, kulipa na kuomba huduma kupitia kurasa hizo. Huduma ya namna hiyo huwa na hatua kadhaa: kuingia kwa nywila, kujaza jina la biashara, kupandisha viambatisho, kuhakiki, kisha kupata ankara. Seva isiyomkumbuka mtu ingelazimika kumuuliza nywila yake upya katika kila hatua, na ikifika hatua ya tano isingejua chochote alichojaza katika hatua ya pili.

Kadi ya mgonjwa na jalada lake

Namna tatizo hilo lilivyotatuliwa inafanana sana na utaratibu unaofahamika kwa kila aliyewahi kwenda kutibiwa. Mgonjwa akifika kituo cha afya, hujieleza mara moja tu kwenye dirisha la mapokezi. Hapo hufunguliwa jalada, naye hupewa kadi ndogo yenye namba. Jalada hubaki mikononi mwa kituo. Mgonjwa hutembea na kadi. Akifika kwa daktari, huonyesha kadi na jalada likaletwa. Daktari akiandika kipimo, maandishi huingia ndani ya jalada. Akifika maabara, kadi ile ile huleta jalada lile lile, na mtaalamu husoma kilichoandikwa na daktari bila mgonjwa kurudia maelezo yake. Hivyo dirisha moja huwasiliana na jingine kwa njia ya jalada, na kinacholiunganisha jalada na mwenyewe ni namba iliyo kwenye kadi.

Mifumo ya mtandao hufanya vivyo hivyo. Mwananchi akiandika namba yake ya simu au anwani ya barua pepe pamoja na nywila, seva humhakiki, kisha humfungulia jalada la muda. Jalada hilo huitwa kipindi cha matumizi, kwa kuwa huishi tangu mtu anapoingia hadi anapotoka. Seva huliwekea namba ya bahati nasibu, ndefu kiasi kwamba hakuna awezaye kuikisia. Katika mifumo iliyojengwa vizuri, idadi ya namba zinazowezekana huandikwa kwa tarakimu 39. Namba hiyo hupelekwa kwenye kivinjari cha mwananchi na kutunzwa humo ndani ya faili dogo liitwalo kidakuzi. Kila mara mwananchi anapobonyeza kitufe au kufungua ukurasa mwingine wa mfumo huo, kivinjari hutuma namba hiyo bila yeye kuona, na seva hulivuta jalada lake.

Kidakuzi kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani. Haja iliyomsukuma ilikuwa ya kawaida kabisa: mnunuzi wa dukani mtandaoni aweze kuweka bidhaa kapuni, aende ukurasa mwingine, na akirudi alikute kapu lake kama alivyoliacha.

Jambo la kukumbuka ni kwamba katika mpangilio huu taarifa zenyewe hazitembei na mwananchi. Kinachotembea ni namba tu. Namba ya Kitambulisho cha Taifa, Namba ya Mlipakodi na majina ya wanakikundi hukaa kwenye seva, na kila ukurasa huonyeshwa kile tu unachokihitaji.

Taarifa zipi zikae wapi

Mtayarishaji wa mfumo hukabiliwa na uamuzi mmoja mkubwa: kila taarifa aiweke wapi. Kwa kawaida taarifa hugawanywa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni taarifa za wote. Orodha ya kata, aina za leseni na viwango vya ada havibadiliki kwa kumtazama aliyeingia. Hizo zinaweza kuwekwa mahali pamoja na kusomwa na kurasa zote, mfano wa tangazo linalobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata.

Fungu la pili ni taarifa za mtu mmoja kwa kipindi kimoja: nani ameingia, yupo hatua ya ngapi, anatumia lugha gani, na maombi yapi yapo mbele yake. Hizo ndizo za kuwekwa kwenye jalada la muda.

Fungu la tatu ni taarifa za ukurasa mmoja tu, kwa mfano ujumbe unaosema kwamba tarakimu moja ya namba ya simu imekosekana. Ujumbe huo ukishaonyeshwa, kazi yake imekwisha, na hauna sababu ya kubaki.

Fungu la nne ni taarifa za kudumu: leseni iliyotolewa, malipo yaliyopokelewa, maombi yaliyokamilika. Hizo huandikwa kwenye kanzidata, ambayo ndiyo masjala ya kweli ya mfumo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Taarifa iliyoishia kwenye jalada la muda bila kufika kwenye kanzidata hutoweka kipindi kinapofungwa. Ndiyo maana fomu iliyojazwa lakini haikuhifadhiwa haiwezi kupatikana tena, hata mwananchi akilalamika kwamba aliijaza mwenyewe.

Makosa makubwa hutokea pale taarifa ya fungu moja inapowekwa kwenye fungu jingine. Mtayarishaji akiweka jina la aliyeingia mahali pa taarifa za wote, basi mtu wa pili akiingia jina lake hufuta la kwanza, na wa kwanza akifungua ukurasa hukutana na jina la mwenzake. Kosa la namna hii ni gumu kuligundua, kwa sababu mtayarishaji anapojaribu mfumo akiwa peke yake kila kitu huonekana sawa. Hujitokeza siku watu wawili wanapoingia kwa wakati mmoja.

Hata kampuni kubwa duniani zimekumbwa na mkanganyiko wa namna hiyo. Tarehe 25 Desemba 2015, baadhi ya wateja wa duka la michezo ya kompyuta la Steam walifungua kurasa za akaunti zao wakaona za watu wengine, kwa kuwa kurasa zilizotayarishwa kwa ajili ya mtu mmoja zilikuwa zimetunzwa mahali pa pamoja na kugawiwa kwa wengine. Kampuni ilieleza kuwa watu wapatao 34,000 waliathirika. Tarehe 20 Machi 2023, kampuni ya OpenAI ilisimamisha kwa muda huduma yake ya ChatGPT baada ya baadhi ya watumiaji kuona vichwa vya mazungumzo ya watu wengine. Chanzo kilikuwa hitilafu katika programu ya kubeba taarifa: ombi la mtu lilipokatishwa njiani, jibu lake lilibaki kwenye njia ya mawasiliano na kukabidhiwa kwa aliyefuata. Katika mikasa hiyo miwili hakuna mwizi aliyevunja mlango. Jalada la mtu lilikabidhiwa mtu mwingine.

Kwa mwananchi, fundisho ni moja: akifungua akaunti yake na kukuta jina, picha au namba isiyo yake, asiendelee kujaza wala kulipa. Atoke, aandike tarehe na saa ya tukio, kisha atoe taarifa.

Kwa nini mfumo humtoa mtu kabla hajamaliza

Jalada la muda haliwezi kuachwa wazi milele. Seva haina njia ya kujua kama mwananchi bado yupo mbele ya kompyuta au ameondoka na kuacha ukurasa wazi. Kwa hiyo huwekewa saa. Muda ukipita bila ombi lolote kufika, jalada hufungwa na namba yake hufutwa. Lugha ya PHP, inayotumika kujengea mifumo mingi duniani, huja na kiwango cha sekunde 1,440, sawa na dakika 24. Programu ya Tomcat, inayotumika kwa mifumo iliyoandikwa kwa lugha ya Java, huja na dakika 30. Mtayarishaji anaweza kuongeza au kupunguza, na mifumo inayohusu fedha kwa kawaida hupewa muda mfupi zaidi.

Hapa pana jambo ambalo huwaumiza wengi. Saa hiyo huhesabiwa tangu ombi la mwisho lililofika kwenye seva, wala haihesabu herufi ya mwisho iliyoandikwa. Kuandika ndani ya ukurasa hufanyika kwenye kompyuta ya mwananchi peke yake. Isipokuwa ukurasa umetengenezwa mahsusi kuhifadhi kila baada ya muda fulani, seva haioni kinachoandikwa mpaka kitufe cha kuhifadhi au kuendelea kibonyezwe. Mtu anaweza kukaa dakika 40 akiandika kwa bidii maelezo ya mradi wa kikundi, kumbe kwa upande wa seva amenyamaza kwa dakika 40. Anapobonyeza kitufe, namba iliyo kwenye kidakuzi chake haina tena jalada, na mfumo humrudisha kwenye ukurasa wa kuingia.

Dawa yake ni maandalizi. Maelezo marefu yaandikwe kwanza pembeni, kwenye karatasi au kwenye programu ya kuandikia, kisha yanakiliwe. Namba ya Kitambulisho cha Taifa, Namba ya Mlipakodi, vyeti na picha viwe tayari kabla ya kuingia. Kila sehemu ikikamilika ihifadhiwe kabla ya kwenda nyingine. Pale mtandao unaposuasua, ni bora kuhifadhi sehemu ndogo ndogo mara nyingi kuliko fomu nzima mara moja.

Inafaa pia kujiepusha na kitufe cha kurudi nyuma cha kivinjari baada ya kuwasilisha. Ukurasa unaoonekana baada ya kurudi mara nyingi hutolewa kwenye kumbukumbu ya kivinjari, nao unaweza kuwa na hali ya zamani isiyolingana na jalada lililo kwenye seva. Anayeuwasilisha tena anaweza kujikuta na maombi mawili au ankara mbili kwa huduma moja. Kabla ya kurudia, mwananchi afungue kwanza orodha ya maombi yake ndani ya mfumo na kuangalia kama lile la awali limekwisha kupokelewa.

Kompyuta moja, waombaji wawili

Wakazi wengi hufuata huduma hizi kwenye steshenari, ambako mhudumu mmoja huwahudumia watu kadhaa kwa kompyuta moja. Siku za mwisho za maombi foleni huwa ndefu, na mhudumu hutaka kuharakisha. Mfano ufuatao wa kubuni unaonyesha hatari iliyopo.

Mama mfanyabiashara wa mahindi anaomba leseni. Mhudumu ameingia kwa akaunti yake na kufungua fomu. Wakati viambatisho vikisubiriwa, mhudumu anafungua ukurasa wa pili kwenye kivinjari kile kile na kuingia kwa akaunti ya kijana wa duka la vipuri vya bodaboda. Kwa macho, kompyuta sasa ina kurasa mbili za watu wawili. Lakini kivinjari kwa kawaida hutunza namba moja tu ya kipindi kwa kila mfumo. Kijana alipoingia, namba yake ilichukua nafasi ya namba ya mama. Ukurasa wa mama bado unaonyesha jina lake, kwa sababu ulichorwa kabla ya hapo na haujabadilika. Mhudumu akiurudia na kubonyeza kitufe cha kuwasilisha, kinachotumwa ni maandishi ya mama yakiambatana na namba ya kijana. Mfumo usio na uhakiki wa ziada huyapokea na kuyaweka kwenye jalada la kijana.

Matokeo yake yanaweza kugundulika baada ya siku nyingi: mama hana maombi, kijana ana maombi ya mahindi, na ankara imetoka kwa jina lisilo sahihi. Kwa mwombaji wa kazi au wa mkopo wa masomo hasara huwa kubwa zaidi, kwa kuwa tarehe ya mwisho ikishapita hakuna pa kurekebishia.

Utaratibu salama ni kumaliza mteja mmoja kabla ya kuanza mwingine: kuwasilisha au kuhifadhi, kubonyeza kitufe cha kutoka, kufunga kivinjari chote, ndipo kumkaribisha anayefuata. Ikilazimu kuhudumia wawili kwa pamoja, kila mmoja afunguliwe kwenye kivinjari cha aina tofauti, au mmoja atumie dirisha la hali fiche, kwa kuwa dirisha hilo hutunza vidakuzi vyake kando. Madirisha mawili ya hali fiche yaliyofunguliwa kwa wakati mmoja, hata hivyo, kwa kawaida hutumia vidakuzi vya pamoja, hivyo hayatenganishi watu wawili.

Kufunga ukurasa peke yake hakutoshi. Kufunga ukurasa ni sawa na mgonjwa kutoka chumbani na kuacha kadi yake mezani: jalada bado lipo wazi, na atakayeiokota kadi atahudumiwa kwa jina lake. Kitufe cha kutoka ndicho kinachoiambia seva ilifunge jalada na kuifuta namba. Vilevile, kivinjari kikiuliza kama kitunze nywila, jibu kwenye kompyuta ya steshenari liwe hapana.

Namba zipi ni siri na zipi si siri

Katika huduma za mtandao mwananchi hukutana na namba nyingi, na si zote zina uzito mmoja. Kuzitofautisha ni kinga kubwa dhidi ya matapeli.

Kontroo namba ni namba ya ankara. Haifungui akaunti ya mtu. Hueleza tu deni lipi linalipwa. Mwananchi anaweza kumpa ndugu yake aliye Dar es Salaam amlipie, bila hatari ya akaunti yake kuingiliwa. La muhimu ni kulinganisha jina, huduma na kiasi kilichoandikwa kwenye ankara kabla ya kulipa. Katika mfumo uliojengwa vizuri, kiasi hicho hukokotolewa na seva na wala hakichukuliwi kutoka kwenye ukurasa, kwa sababu chochote kilicho kwenye ukurasa kinaweza kubadilishwa na mwenye kompyuta.

Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo huonyesha mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba hii haibadiliki maisha yote. Hutolewa katika ofisi nyingi, hivyo haiwezi kufanya kazi ya nywila, lakini ni taarifa binafsi na haifai kuandikwa ovyo wala kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Nywila ni siri ya mwenyewe. Namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe mfupi wakati wa kuingia nazo ni siri, ingawa huishi kwa dakika chache tu. Hakuna mtumishi wa umma mwenye haja ya kuzijua, awe wa kijiji, wa kata au wa halmashauri.

Namba ya kipindi, ile iliyo ndani ya kidakuzi, haionekani, lakini wakati jalada liko wazi ina nguvu karibu sawa na nywila. Hatari yake ilidhihirika Oktoba 2010, wakati mtayarishaji wa programu wa Marekani, Eric Butler, alipotoa programu ya Firesheep. Programu hiyo ilionyesha kwamba mtu aliyekaa kwenye mtandao wa Wi-Fi wa pamoja aliweza kunasa namba za vipindi za wengine na kuingia kwenye akaunti zao bila kujua nywila. Baada ya hapo kampuni nyingi ziliharakisha kusimba mawasiliano yao. Ndiyo maana mwananchi anashauriwa kuangalia kama anwani ya mfumo inaanza na herufi https, na kama anwani ya mfumo wa Serikali inaishia na go.tz. Herufi hizo za mwanzo zinahakikisha kwamba mazungumzo kati ya kivinjari na seva hayasomwi njiani. Herufi za mwisho zinasaidia kutambua kwamba seva yenyewe ni ya Serikali. Moja bila nyingine haitoshi, kwa kuwa hata tapeli anaweza kuwa na tovuti iliyosimbwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, haifai kumtumia mtu kiungo kilichonakiliwa kutoka kwenye ukurasa ulio wazi ndani ya akaunti. Mara nyingi kiungo hicho hakitamfungukia, kwa kuwa yeye hana kidakuzi. Lakini ipo mifumo, hasa ya zamani, iliyoandika namba ya kipindi ndani ya anwani yenyewe, na hapo kutuma kiungo ni sawa na kukabidhi kadi. Anayehitaji kumwonyesha mwenzake kitu, apakue ankara au risiti na kuituma hiyo.

Sheria inasemaje

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua haki ya mtu ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi na watu wanaokusanya taarifa binafsi kuzikusanya kwa sababu halali, kuzitumia kwa sababu hiyo na kuzilinda. Inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Usimamizi wake upo chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Anayekuta akaunti ya mtu mwingine imeachwa wazi hana ruhusa ya kuipekua kwa kisingizio kwamba haikufungwa. Mlango uliosahauliwa wazi haumpi mpita njia haki ya kuingia ndani. Wajibu wake ni kubonyeza kitufe cha kutoka na kumjulisha mhudumu.

Mambo ya kuzingatia

Kabla ya kuingia kwenye mfumo, mwananchi aandae vielelezo vyote na kuandika maelezo marefu pembeni. Ahakiki anwani ya mfumo herufi kwa herufi.

Akiwa ndani, aangalie jina linaloonekana juu ya ukurasa na kujiridhisha kuwa ni lake. Ahifadhi kila sehemu anapoimaliza. Kabla ya kuwasilisha, aupakie ukurasa upya na kutazama jina hilo kwa mara nyingine, hasa pale kompyuta inapotumiwa na wengi.

Anapomaliza, apakue ankara au uthibitisho wa maombi, abonyeze kitufe cha kutoka, kisha afunge kivinjari. Kwenye steshenari, ahakikishe pia kwamba nakala za vyeti na kitambulisho chake zilizopakuliwa au kuchanganuliwa zimefutwa, pamoja na zile zilizobaki kwenye pipa la takataka la kompyuta.

Iwapo atakuta taarifa zisizo zake, au zake zikiwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, asilipe chochote. Aandike tarehe, saa, jina la mfumo na kontroo namba kama ipo, kisha afike katika Ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Misima ili aelekezwe kwenye Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri au taasisi inayomiliki mfumo husika. Akishuku kwamba kuna mtu ameingia kwenye akaunti yake, abadilishe nywila mara moja kwa kutumia kifaa anachokiamini, na atoe taarifa Polisi.

Wenye steshenari katika kata wanahimizwa kubandika ukutani kanuni tatu fupi, zionekane na mhudumu na mteja: mteja mmoja kwa wakati mmoja; hakuna kutunza nywila; hakuna mteja kuondoka kabla ya kubonyeza kitufe cha kutoka.